Bawabu wa Kumbi na Watani Arobaini na Watatu

"Kumi na moja?" Mzee Betramu Ngonyani alikisogelea kioo cha kompyuta hadi pua ikakaribia kukigusa. "Kati ya ngapi?"

"Kati ya mia, babu," Vumilia alisema.

"Mia! Hata hesabu za darasa la nne nilipata kumi na nne, na siku hiyo nilikuwa na homa."

Mkewe, Bibi Filotea, alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani. "Hukuwa na homa," alisema. "Ulikuwa Mngoni tu."

Vumilia akajiuma mdomo asicheke. Dawati lake lilikuwa la mwisho kabisa, la watu waliokwisha kataliwa mtandaoni, na watu wa namna hiyo hawaji wakichekana. Huja wamevimba, wengine na wanasheria. Hawa wawili walikuja na ndizi za kuchoma kwenye karatasi, wakamkaribisha kabla hata hajawauliza majina.

Aliyewakataa ni Bawabu, mashine inayolinda kumbi zote. Zamani, mtu akitaka ukumbi pale Iringa alikwenda kwa mwenye ukumbi, wakanywa chai, mambo yakaisha. Siku hizi mwenye ukumbi humwoni. Unaingia mtandaoni, unaandika jina lako, aina ya sherehe na orodha ya wageni, halafu Bawabu anakuchunguza kabla hajakuonyesha hata tarehe moja. Anachungulia sherehe zote mlizowahi kufanya, wewe na kila mgeni wako. Ushahidi anaupata wapi? Kwenye viti, ndugu yangu. Kila kiti cha ukumbi kina vihisi chini ya mto. Kinajua umekikalia kwa muda gani, moyo wako unadunda vipi, umepaza sauti vipi, na nani kakisukuma. Sherehe ikiisha vinajiendesha vyenyewe hadi ukutani, vinajipanga, na kila kimoja kinampelekea Bawabu umbeya wake. Ukipata alama sitini unaingia. Ukikosa, hata ukumbi ukae mtupu mwezi mzima, huupati.

Na mtu asidhani Bawabu alitengenezwa kwa roho mbaya. Miaka tisa nyuma, kwenye ukumbi wa Mawe Matatu, ngumi zilianza karibu na meza ya bwana harusi, watu wakakimbilia mlango mmoja, na sita hawakurudi nyumbani. Vumilia alikuwemo. Alitoka na mkono uliovunjika. Ndiyo maana walipotafuta watu wa kumfundisha Bawabu kutambua hatari, alijiandikisha siku ya kwanza. Tangu Bawabu aanze kazi, hakuna aliyeumia ukumbini. Hilo Vumilia alijivunia, na alikuwa na haki.

"Sherehe yenyewe ni ya nini?" aliuliza, ingawa alikuwa ameisoma.

"Jubilei," Bibi Filotea alisema. "Miaka hamsini ya ndoa na mtu huyu. Nastahili ukumbi."

"Jumamosi hii," mzee akadakia. "Si nyingine. Kitinda mimba wetu Leokadia anafanya kazi mwezini, kwenye mgodi wa barafu. Anashuka Ijumaa, anapanda Jumatatu. Likizo nyingine ni baada ya miaka sita. Mjukuu wangu, nina miaka sabini na sita. Usiniambie nisubiri."

Vumilia akabonyeza sehemu ya ushauri. Bawabu hakatai mtu bila kumpa njia. Hiyo ndiyo adabu yake. Maandishi yakatokea: *Ukiondoa wageni arobaini na watatu wafuatao, alama zitapanda hadi themanini na nane.*

Mzee akavaa miwani, akaanza kusoma majina. Alipofika la tano alianza kucheka. Alipofika la kumi alikuwa ameshika meza.

"Filotea! Hebu njoo uone! Kihwele yumo. Mgongolwa yumo. Kaka yako Gaudensi ndiye wa kwanza! Huyu aliiba sufuria ya pilau kwenye ubatizo wa Leokadia, sufuria ikiwa jikoni inachemka!" Akageuka kwa Vumilia. "Hawa ni Wahehe, watani zangu tangu babu zetu walipopigana. Na ndio ndugu wa mke wangu. Nikiwaondoa, huyu mama atasherehekea na nani? Na viti?"

"Mimi mwenyewe sitaenda," Bibi Filotea alisema.

"Sherehe ya Mngoni bila Wahehe ni mkutano wa wazazi shuleni," mzee alisema. "Mnakaa, mnasikiliza, mnapiga kofi, mnaondoka. Wewe unaitwa nani?"

"Vumilia Kikoti."

Kisha mzee akainuka, akaizunguka meza, akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Kikoti! Mhehe kabisa! Na unaninyima ukumbi kwa upole hivi? 'Kati ya mia, babu.' Babu zako tuliwafukuza hadi wakajificha kwenye mawe, angalau wao walitutukana wakikimbia!"

Hapo ilipasa Vumilia ajibu. Kila Mhehe anajua cha kujibu: kwamba ni Wangoni waliokimbia, na kwamba walitembea kwa miguu kutoka kusini wakasahau njia ya kurudi. Lakini Vumilia alilelewa ghorofani, mama yake akiwa mwalimu mwenye nidhamu, na maneno hayo aliyajua tu kama mtu anavyoijua ramani ya mji ambao hajawahi kufika. Akabaki ametabasamu, mikono juu ya meza. Mzee akamwonea huruma, akarudi kukaa.

*

Alifungua ushahidi. Kila alama iliyopotea ina video yake kutoka kamera za ukumbi, na iliyoikandamiza familia ya Ngonyani kuliko zote ilikuwa ya harusi ya miaka mingi nyuma. Wanaume wanne wenye mablanketi mabegani wamembeba mwanaume wa suti juujuu. Yule wa suti anarusha miguu, kiatu kimoja kimemtoka. Mwanamke anawamwagia unga. Kijana anapita mbio na kiti kichwani. Chini yake pameandikwa: *Vurugu, daraja la kwanza.* Na herufi mbili za aliyepima: *V.K.*

V.K. alikuwa yeye.

Aliikumbuka kazi ile. Video elfu nne kwa miezi miwili, mkono bado uko kwenye bandeji. Anaangalia, anabonyeza: Utulivu, Shangwe, Kero au Vurugu. Inakuja nyingine. Na zote zilikuwa bubu. Sauti zilifutwa kulinda faragha za watu, jambo la haki kabisa, na hakuna aliyejiuliza kinachopotea pamoja nazo.

"Huyo aliyebebwa mnamjua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mimi!" mzee alisema kwa furaha. "Harusi ya mwanangu wa kwanza! Kile kiatu sijakipata hadi leo!"

Akatoa simu yake, akatafuta kwa kidole chenye kukosea, akaipata. Tukio lile lile, limepigwa kutoka upande mwingine, na sauti ipo. Ofisi ikajaa kelele. Mzee wa enzi zile alikuwa anapiga mayowe: "Filotea! Nikomboe! Wanataka jogoo!" Na Filotea akamjibu kutoka kona: "Jogoo ana kazi, wewe huna! Wakuchukue!" Ukumbi mzima ulikuwa unakufa kwa kicheko. Hata wabebaji walikuwa wanacheka hadi magoti yanawalegea, ndiyo maana walikuwa wanayumba, kule kuyumba ambako Vumilia alikuandika kuwa vurugu.

"Bawabu," aliita. "Umesikia?"

"Nimesikia," Bawabu alijibu kutoka mezani. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima mpole, mtu wa mapokezi hospitalini. "Rekodi moja haitoshi kubadili mafunzo. Zinahitajika mia tatu. Jambo unalotaka nijifunze linaitwaje?"

"Utani."

"Halimo kwenye madaraja yangu."

"Najua," Vumilia alisema. "Mimi ndiye sikuliweka."

Akavuta pumzi. Kulikuwa na njia ya mkato, nayo aliijua. Bawabu huwaruhusu wasanii wa maigizo kupiga kelele na kubebana wapendavyo. Ukiwaandika wageni arobaini na watatu kuwa kikundi cha sanaa, alama zinapita sitini papo hapo. Akawaambia.

"Gaudensi ana miaka themanini," Bibi Filotea alisema. "Uandike ni msanii? Akisikia tutakoma! Atataka jukwaa na taa." Kisha akaacha kucheka. "Hapana, mwanangu. Hawa si wa kuigiza. Wanakuja kwa sababu ni haki yao kuja. Sitaki waingie kwa uongo kwenye jubilei yangu."

Ikabaki njia moja, dhamana ya kidole. Mpimaji anaweza kuweka kidole gumba chake kwa ajili ya mteja, na mlango unafunguliwa. Lakini lazima ahudhurie. Hatari ikipita tisini, Bawabu humwuliza sikioni, na ana sekunde kumi za kuthibitisha kwa kidole kile kile. Asipothibitisha, milango yote inafunguka, ving'ora vinalia, sherehe inavunjwa. Yeye anapoteza kazi moja kwa moja, na ile familia inafungiwa kumbi zote kwa miaka kumi. Katika ofisi yao hakuna aliyewahi kuweka.

Na si kazi tu iliyomtia hofu, tuseme ukweli. "Babu," alisema, "mimi nilikuwa Mawe Matatu. Wale nao walianza kwa kusukumana huku wanacheka. Akija mtu na ngumi ya kweli, akasema ni utani, nitamjuaje?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile mzee hakutania. Alivua miwani. "Mpwa wangu alikufa Mawe Matatu," alisema. "Nami nimejiuliza hilo miaka tisa. Sikiliza. Kwenye utani, anayekasirika ndiye anayelipa faini, kwa hiyo mwenye ngumi ya kweli tunamtoa wenyewe, wala hatumngojei polisi. Lakini wewe unataka kumjua haraka. Basi usimwangalie anayebeba. Mwangalie anayebebwa."

Vumilia akairudisha video bubu mwanzo. Safari hii alimtazama yule wa suti usoni. Mdomo wazi, macho yamefumbwa, mashavu yamelowa. Aliwezaje kuuona uso ule akaandika vurugu? Aliona aibu, na hapo hapo akaona hamu ya kuwa kwenye chumba kile. Akaweka kidole.

*

Jumamosi saa nane mchana, wageni mia mbili na kumi walitoka kanisani wakamiminika ukumbini. Leokadia alikuwa mbele, akitembea polepole na fremu za kumsaidia miguuni, maana miaka sita ya mwezini ilikuwa imemzoesha wepesi. "Mama, dunia ni nzito!" alilalamika, na mama yake akamwambia ni ule ugali wa asubuhi.

Mlangoni palikuwa pamezibwa. Mzee Gaudensi, blanketi begani, fimbo mkononi, alikuwa amekaa kizingitini na Wahehe wenzake nyuma yake.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Bwana harusi!" mzee Ngonyani alisema.

"Harusi ipi? Sisi tulikuazima dada yetu atoe maji kisimani mara moja. Miaka hamsini! Leo tumekuja kumchukua."

"Mchukueni, lakini mjue anakoroma!"

"Nani anakoroma?" Bibi Filotea akafoka, na mlangoni wote wakaangua kicheko.

Vumilia alikuwa amekaa ukutani, mgongo umenyooka, macho kwenye bangili iliyoonyesha hatari. Kumi na nane. Vyakula vikaja, kuku na pilau, na ulanzi, ile pombe ya mwanzi, vikombeni. Thelathini. Wahehe wakakinyakua kiti cha bwana harusi, nacho kikaanza kulia kama kilivyofundishwa: "Naibwa! Naibwa! Naomba msaada!" Watu walivyocheka! Kiti kinajitetea! Hamsini na tano. Akina mama wa Kingoni wakalipiza kwa kumficha mzee Gaudensi fimbo yake, wakadai haiwezi kurudi hadi akiri nani alikimbia vita. Sabini na tisa. Vumilia alihisi mkono wake uliovunjika zamani unauma. Kila kiti kilichoanguka kilimgeuza kichwa kuelekea mlangoni.

Huko kukaa kwake kukamponza.

"Jamani, huyu nani amekaa kama polisi wa mtihani?" mama mmoja wa Kingoni aliuliza.

Mzee Ngonyani akageuka, akamwona, akaruka kwa furaha. "Huyo ni Kikoti! Mhehe! Alininyima ukumbi! Mbebeni!"

Kabla hajasema kitu, khanga mbili zilikuwa zimemzunguka, mikono ikabanwa kiunoni, na kiti kikapaa naye juu. Chini yake kiti kikaanza: "Naibwa! Naibwa!" Bangili ikatetemeka.

"Vumilia Kikoti," Bawabu alisema sikioni. "Hatari tisini na moja. Mpimaji amekamatwa. Thibitisha usalama kwa kidole. Kumi. Tisa."

Akajaribu kutoa mkono. Khanga ilikuwa imefungwa na watu wanaojua kufunga watoto mgongoni. Haikulegea hata kidogo. Alitaka kusema *niwekeni chini*, lakini kwa muda mfupi hakuwa kwenye jubilei. Alikuwa Mawe Matatu, miili inamsukuma, mlango uko mbali. Aliogopa. Aliogopa kweli kweli.

"Nane. Saba."

"Wahehe!" mzee Ngonyani alikuwa anapaza sauti. "Tumemteka dada yenu! Kuku watatu, au tunakwenda naye Songea!"

Mzee Gaudensi akainua kikombe chake cha ulanzi bila hata kusimama. "Nendeni naye! Kwanza hatumjui! Huyo ni karani, sisi hatuzai makarani!"

"Sita. Tano."

Kilichotokea Vumilia hakukipanga. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtoka kwa sauti ambayo hakuwahi kujua anayo, kicheko kikubwa, kibaya, cha kukoroma katikati. Alijaribu kukizuia ili aongee, kikazidi. Machozi yakamtoka. Kiatu kimoja kikamtoka pia, kikaangukia kwenye bakuli la kachumbari, na hapo akaishiwa nguvu kabisa.

"Nne. Tatu." Bawabu akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia ananyamaza katikati ya hesabu. "Mpimaji, sauti yako siielewi. Je, hicho ni kilio au kicheko?"

Alicheka tu.

"Nimeviuliza viti," Bawabu alisema. "Vingine mia mbili na tisa vinasikia watu wenye sauti kama hiyo. Mapigo ya moyo yako juu, lakini hakuna anayeelekea mlangoni. Kwa dakika hizi arobaini nimepokea rekodi mia tatu na sita. Nimesitisha hesabu. Nahitaji jina la daraja jipya."

"Utani!" Vumilia alipiga kelele, kichwa kimelala nyuma, miguu juu. "Utaaani!"

"Ndiyo, utani!" Wangoni wakamwitikia, wakidhani anawasalimu, wakamzungusha ukumbi mzima mara ya pili. Kiti kilichombeba kilikuwa kimeacha kuomba msaada.

Mwishowe Gaudensi alimkomboa kwa kuku mmoja. Watatu, alisema, ni wa Mhehe aliyenona.

"Na nyie mlitembea kutoka kusini mkasahau njia ya kurudi!" Vumilia alimwambia mzee Ngonyani, nywele zimevurugika, kiatu kimoja mkononi kinanuka siki.

Mzee akamkumbatia. Alikuwa analia, na hakuficha. "Haya sasa," alisema. "Hapo umenijibu, mtani."

*

Wiki tano baadaye, mama yake Vumilia alikuwa anatimiza miaka sabini na moja. Vumilia aliijaza fomu mwenyewe, mtandaoni, kama mteja yeyote. Sherehe ya mwaka uliopita aliikumbuka vizuri. Ilikuwa na wageni thelathini, keki, hotuba mbili, na saa moja jioni kila mtu alikuwa amepanda gari lake. Bawabu aliipa alama tisini na saba.

Safari hii alama zilikuwa zile zile. *Umekubaliwa,* Bawabu aliandika. *Hakuna mgeni wa kuondoa.*

Vumilia alikuwa anafunga ukurasa mstari mwingine ulipotokea.

*Viti vya mwaka jana vilisikia vicheko viwili, na kimoja kilikuwa cha adabu. Uamuzi ni wako. Je, kuna wageni wa kuongeza?*

Damu ikamchemka. Mashine hii hii aliyoifundisha kwa mkono uliovunjika inaisema sherehe ya mama yake! Akafungua mdomo aitukane, kisha akakumbuka nani hulipa faini kati ya anayetania na anayekasirika. Akacheka peke yake, akachukua simu.

"Shikamoo, babu. Ni Vumilia."

"Vumilia yupi? Yule wa kuku mmoja?"

"Huyo huyo. Mtani, Jumamosi ijayo una nafasi?"

"Ya nini?"

"Wachukue Wangoni wako wote," alisema. "Naomba mje mumwibe mama yangu."